Lugha Kongwe za Programu au Lugha Mpya: Ulinganisho kwa Waandishi wa Programu wa Nyanda za Juu Kusini

Vijana wanaomaliza masomo ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Chuo Kikuu cha Iringa na vyuo vingine vya ukanda huu hukutana mapema sana na swali moja: je, kuna faida kukubali kazi inayotumia lugha ya programu ambayo wenzao wanaiona imepitwa na wakati? Wapo walioitwa kutunza mfumo wa zamani wa chama cha akiba na mikopo, wapo walioambiwa kuwa mabenki ya ng'ambo yanatafuta watu wa COBOL, na wapo wanaojiuliza kama PHP waliyofundishwa chuoni bado ina miaka mbele yake. Makala hii inaziweka njia hizo upande kwa upande, pamoja na njia ya lugha mpya, ili kila mmoja apime kulingana na hali yake.

Kabla ya kulinganisha, ni vyema kuondoa dhana moja inayowapotosha wengi, nayo ni kwamba umri wa lugha unatosha kuamua. Python, ambayo wengi huiona kuwa ya kisasa, ilitoka mwaka 1991, yaani miaka minne kabla ya PHP, Java na JavaScript, ambazo zote zilitoka mwaka 1995. Visual Basic 6 ilitoka mwaka 1998 na kwa hiyo ni changa kuliko zote hizo, lakini ndiyo iliyoachwa na kampuni iliyoitengeneza. COBOL ilianza kubuniwa mwaka 1959, na bado kiwango chake cha kimataifa kilihuishwa mwaka 2023. Mwaka wa kutoka, basi, hauwezi kuwa kipimo.

Vigezo vya kupimia

Nimechagua vigezo vinne. Cha kwanza ni mahali kazi ilipo, yaani nani hasa yuko tayari kulipa, na kama yuko Mwanjelwa, Dar es Salaam au Marekani. Cha pili ni gharama ya kujifunza, na hapa sizungumzii ada peke yake: kompyuta yenye nguvu kiasi gani inahitajika, bando kiasi gani litateketea kwa kupakua vifaa, na kazi itakuwaje umeme ukikatika mchana kutwa. Cha tatu ni uhai wa lugha, yaani kama kuna anayeendelea kuitolea matoleo mapya na viraka vya usalama. Cha nne ni kile unachobaki nacho siku utakapoondoka kwenye kazi hiyo, kwa sababu hakuna anayefanya kazi maisha yake yote kwa lugha moja.

Kigezo hiki cha nne ndicho ninachokipa uzito mkubwa zaidi, na msomaji asiyekubaliana nami katika hilo anaweza kufikia uamuzi tofauti kwa kutumia maelezo haya haya.

COBOL

Kazi ilipo. Hakuna ofisi ya kawaida ya Mbeya, Iringa au Njombe inayohitaji mtu wa COBOL. Kazi yake iko kwenye mabenki makubwa, kampuni za bima na serikali za nchi zilizoanza kutumia kompyuta mapema, nayo huendeshwa kwenye zile kompyuta kuu za IBM zinazoitwa meinfremu. Uhitaji ni wa kweli: Aprili 2020, wakati wa janga la korona, gavana wa jimbo la New Jersey, Phil Murphy, aliomba hadharani watu wanaojua COBOL wajitolee, kwa sababu mifumo ya jimbo hilo ya malipo ya wasio na ajira ilikuwa imezidiwa na maombi. Hata hivyo, kutoka kwenye habari hiyo hadi mshahara wako ukiwa Uyole ni mbali. Waajiri hao hulinda mitandao yao kwa masharti makali, na njia ya kawaida ya kuingia ni kupitia kampuni kubwa za ukandarasi, si kwa kazi ndogondogo za mtu mmoja mmoja.

Gharama ya kujifunza. Hapa COBOL inashangaza kwa wepesi wake. Kompaila (programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa lugha ya mashine) ya GnuCOBOL ni ya bure, ni ndogo, na huendeshwa vizuri kwenye kompyuta mpakato ya zamani ambayo isingeweza kufungua programu za kutengenezea programu tumishi za simu. IBM ina jukwaa la bure la mazoezi liitwalo Z Xplore, ambako mwanafunzi huingia kwenye meinfremu halisi kupitia intaneti. Sarufi ya lugha yenyewe haichukui muda mrefu. Kinachochukua muda ni mazingira yanayoizunguka, kama vile JCL ya kupanga kazi, CICS ya kuendesha miamala na kanzidata (hifadhi ya data) ya Db2.

Uhai wa lugha. Iko hai na inatunzwa. IBM bado inatoa matoleo mapya ya kompaila yake.

Unachobaki nacho. Unabaki na nidhamu ya kuhesabu fedha. Katika COBOL, mwandishi hutangaza kiasi cha fedha kwa kuandika, kwa mfano, PIC 9(9)V99, maana yake tarakimu tisa kabla ya nukta na mbili baada yake, na mashine huhesabu kwa desimali hasa kama mhasibu anavyohesabu kwenye daftari. Katika lugha nyingi za baadaye, namba yenye nukta huhifadhiwa kwa mfumo wa jozi, yaani wa 0 na 1 tu, na ndiyo sababu ukijumlisha 0.1 na 0.2 kwenye JavaScript unapata 0.30000000000000004. Aliyepitia COBOL hawezi kusahau kuuliza namba ya fedha imehifadhiwa kwa aina gani, na swali hilo lina thamani katika lugha yoyote atakayoihamia.

Inamfaa nani. Inamfaa mtu mwenye subira, mwenye Kiingereza kizuri cha maandishi, anayependa fedha na uhasibu, na aliye tayari kuhama au kuajiriwa na kampuni ya kimataifa. Haimfai anayehitaji kipato mwaka huu akiwa nyumbani.

Visual Basic 6 na Visual FoxPro

Kazi ilipo. Kazi hii iko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Mifumo ya aina hii iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya ofisi zenye kompyuta moja au mbili: SACCOS, maduka ya jumla, mashine za kukoboa, stoo za pembejeo, ofisi za uhasibu za mashirika ya dini. Mara nyingi mwandishi wake alikuwa mtu mmoja, ambaye kwa sasa amestaafu, amehama au ametangulia mbele ya haki, na ofisi imebaki na programu inayofanya kazi ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Malipo si makubwa, na kazi huja kwa simu ya ghafla, hasa mwisho wa mwezi au siku chache kabla ya mkutano mkuu wa wanachama.

Gharama ya kujifunza. Kompyuta dhaifu inatosha, na lugha ni rahisi kusoma. Ugumu ni kupata vifaa halali, kwa sababu Visual Basic 6 haiuzwi tena kama zamani, na kunakili kutoka kwenye diski zinazozunguka mitaani ni kuvunja sheria na ni kukaribisha virusi. Watu wa kuuliza nao wamepungua. Majibu mengi yamo kwenye kurasa za miaka ishirini iliyopita, na baadhi yake hayapatikani tena.

Uhai wa lugha. Hapa jibu halina utata. Microsoft ilisitisha msaada wa Visual Basic 6 mwezi Aprili 2008, na msaada wa Visual FoxPro 9 ukafikia mwisho Januari 2015. Programu zilizokwisha kuandikwa kwa Visual Basic 6 bado hufunguka kwenye Windows za leo, kwa sababu Microsoft imeendelea kuziwekea sehemu zake za msingi, lakini lugha yenyewe haitapata kitu kipya. Mwaka huo huo wa 2008 ndio M-Pesa ilipoanza nchini, na ndio toleo la 1.2 la TLS, usimbaji unaolinda mawasiliano ya mtandaoni, lilipochapishwa. Kwa maneno mengine, lugha hii iliachwa mwaka uleule ambao fedha zilianza kuhamia kwenye simu. Ofisi inayotaka mfumo wake wa zamani upokee malipo ya simu moja kwa moja au utume taarifa kwa mifumo mingine italazimika kujenga daraja la pembeni, na daraja hilo litaandikwa kwa lugha nyingine. Kuna pia ukomo mwingine usiojadilika: faili la kanzidata ya Access ya Microsoft, ambalo mifumo mingi ya Visual Basic 6 hulitegemea, haliwezi kuzidi GB 2, na jedwali moja la FoxPro nalo lina ukomo huo huo.

Unachobaki nacho. Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu wengi huidharau kazi hii bila kujua kilichomo ndani yake.

Chukua programu ya mikopo ya SACCOS. Aina ya namba iitwayo Integer katika Visual Basic 6 haivuki 32,767, hivyo mwandishi aliyeitumia kwa salio la shilingi angeona kosa siku ya kwanza na kulirekebisha. Lakini aliyetumia aina ya Single asingeona chochote. Aina hiyo huhifadhi namba nzima kwa usahihi hadi 16,777,216 tu. Ukiingiza 25,000,001, inabaki 25,000,000, na ile shilingi moja inapotea bila onyo lolote. Katika mkopo mmoja hakuna atakayelalamika. Katika jumla inayokusanya maelfu ya miamala, tofauti hukua hadi mizania ikakataa kulingana na daftari la mhasibu, na mhasibu akashukiwa kwa jambo ambalo hakulitenda. Visual Basic 6 ina aina ya Currency iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya fedha. Mtu anayetunza mfumo wa namna hii na kujua mahali pa kutazama anaweza kumsafisha mtu jina lake.

Zaidi ya hesabu, msimbo wa zamani, yaani maandishi ya programu yenyewe, umebeba maamuzi ya watu. Nimeona katika mfumo wa chama kimoja sharti la faini lililokuwa na msamaha wa wiki mbili kwa mikopo ya kilimo, likiwa limefichwa ndani ya amri za kitufe cha kuhifadhi, bila maelezo yoyote pembeni. Muhtasari wa kikao kilichopitisha msamaha huo haukupatikana. Kama mfumo ungeandikwa upya kwa haraka, wakulima wa mahindi wangeanza kutozwa faini kabla hawajauza mavuno, na hakuna ambaye angeweza kueleza mabadiliko yametoka wapi. Kujua kusoma sheria za biashara kutoka kwenye msimbo usio na maelezo, kuziandika kwa Kiswahili kinachoeleweka na kumpelekea meneja na bodi wazithibitishe, ni ujuzi adimu, nao hauzeeki na lugha.

Inamfaa nani. Inamfaa anayetaka kujenga jina katika mji wake na kuwa mtu wa kuhamisha mifumo kutoka ya zamani kwenda mipya. Haimfai anayetaka kuandika programu mpya kwa lugha hii. Hilo, kwa maoni yangu, lisifanyike tena, hata kama mteja ndiye anayelitaka kwa sababu ameizoea.

PHP na Java

Kazi ilipo. Kila mahali. Moodle, inayotumiwa na vyuo vingi kufundishia mtandaoni, imeandikwa kwa PHP, na WordPress vilevile, hivyo tovuti nyingi za shule, hoteli na mashirika kutoka Tukuyu hadi Mafinga zinaitegemea. Java imebeba DHIS2, mfumo wa taarifa za afya ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na sekta ya afya nchini, pamoja na OpenMRS ya kumbukumbu za wagonjwa. Anayefanya kazi kwenye miradi ya afya Iringa au Njombe, ambako miradi ya VVU imekuwa mingi kwa miaka, ana nafasi kubwa ya kukutana na mojawapo.

Gharama ya kujifunza. PHP ni nyepesi kwa kompyuta na kwa mfuko. Ukishapakua XAMPP, kifurushi cha kuendeshea PHP kwenye kompyuta yako mwenyewe, mara moja, unaweza kufanya kazi kutwa nzima bila bando, na mwongozo wake rasmi unaweza kuupakua wote ukausoma nje ya mtandao. Java inahitaji mashine yenye nguvu zaidi na uvumilivu zaidi mwanzoni, kwa sababu ya wingi wa maktaba (vipande vya msimbo vilivyoandikwa tayari) na fremuweki (viunzi vya kujengea programu) zinazoizunguka.

Uhai wa lugha. Zote mbili ziko hai na zinabadilika kila mwaka, na hapo ndipo mtego ulipo: lugha inaweza kuwa hai huku toleo lililopo ofisini likiwa limekufa. PHP 5.6 iliacha kupata viraka vya usalama mwishoni mwa mwaka 2018, na PHP 7.4 mwezi Novemba 2022, lakini seva zinazoendesha matoleo hayo bado zipo. Ukikuta msimbo unaotumia mysql_query, amri iliyoondolewa kabisa kwenye PHP 7.0 mwaka 2015, ujue mambo mawili: kwamba mfumo huo haujaguswa kwa muda mrefu, na kwamba huenda yanayoandikwa na mtumiaji kwenye fomu yanaunganishwa moja kwa moja na amri za kanzidata, kiasi kwamba mgeni mjanja anaweza kusoma majina na namba za simu za watu wote waliomo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwezi Mei 2023, uzembe wa namna hiyo umekuwa suala la kisheria pia, si la kiufundi peke yake.

Unachobaki nacho. Unabaki na uelewa wa jinsi mtandao unavyofanya kazi kuanzia kivinjari hadi seva, na zaidi ya yote unabaki na SQL. Lugha hii ya kuulizia kanzidata ilibuniwa na watafiti wa IBM katika miaka ya 1970, na karibu kila njia ninayoieleza hapa huipitia. Kwa maoni yangu, saa zinazotumika kuijua vizuri ndizo saa zenye faida kubwa kuliko zote katika kazi hii.

Inamfaa nani. PHP inamfaa anayetaka kupata wateja wadogo haraka na kuwahudumia mwenyewe. Java inamfaa anayelenga ajira katika taasisi, mradi mkubwa au benki. Anayechoka upesi kusoma msimbo wa watu wengine atapata tabu kwenye zote mbili.

C

Kazi ilipo. Dennis Ritchie aliitengeneza katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo kiini cha mfumo endeshi wa Linux kimeandikwa kwa C kwa sehemu kubwa. Kwa ukanda wetu, kazi yake iko kwenye vifaa vidogo: vihisi vya unyevu wa udongo kwenye mashamba ya parachichi ya Rungwe na Njombe, vidhibiti vya joto kwenye vikaushio vya chai, mita za maji. Kazi hizo bado ni chache, lakini wanaoziweza nao ni wachache.

Gharama ya kujifunza. Kompaila ni ya bure na kompyuta yoyote inatosha. Gharama ni ya bodi na vihisi, ambavyo mara nyingi huagizwa kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi.

Uhai wa lugha. Iko hai, lakini iko chini ya shinikizo. Februari 2024 ofisi ya Ikulu ya Marekani inayoshughulikia usalama wa mtandao ilitoa taarifa ikiwahimiza waandishi wa programu wahamie kwenye lugha zinazolinda kumbukumbu ya mashine, na Linux yenyewe ilianza kupokea Rust, mojawapo ya lugha hizo, kuanzia toleo la 6.1 la Desemba 2022. Hakuna anayetarajia C iondoke karibuni, kwa kuwa vifaa vinavyoitegemea ni vingi mno.

Unachobaki nacho. Unajua kompyuta inafanya nini hasa na kumbukumbu yake, na ujuzi huo hurahisisha lugha nyingine zote.

Inamfaa nani. Mwanafunzi wa elektroniki au umeme, na yeyote anayetaka kutengeneza kitu kinachoshikika.

Lugha mpya: Kotlin, Dart, Go na Rust

Kazi ilipo. Kotlin, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2016, na Dart pamoja na fremuweki yake ya Flutter iliyofikia toleo la 1.0 Desemba 2018, ndizo njia za programu tumishi za simu, na kwa kuwa wateja wetu wengi wana simu janja na hawana kompyuta, mahitaji yapo hapa hapa. Go na Rust ni habari nyingine. Kazi zake nyingi ziko kwenye kampuni za Dar es Salaam, Nairobi na nje ya bara, ingawa baadhi hukubali mtu afanye kazi akiwa mbali.

Gharama ya kujifunza. Hii ndiyo njia inayoumiza mfuko. Android Studio inataka RAM ya GB 8 kwa uchache, na GB 16 ukitaka kuendesha simu ya kuigiza ndani ya kompyuta. Maktaba hupakuliwa kwa wingi na huhuishwa mara kwa mara, na mradi uliofanya kazi jana unaweza kudai bando jingine leo. Wengi hupunguza mzigo huo kwa kujaribia programu zao kwenye simu halisi. Rust nayo ni ngumu kuielewa mwanzoni, lakini kompaila yake hueleza makosa kwa uwazi ambao sijauona kwenye lugha nyingine.

Uhai wa lugha. Zinatunzwa kwa nguvu, na kampuni kubwa ziko nyuma yake. Utegemezi huo una pande mbili: Google ndiyo iliyoanzisha Go na Flutter, na hatima ya kifaa kinachotegemea kampuni moja huamuliwa na kampuni hiyo, kama walivyojifunza wenzetu wa Visual Basic.

Unachobaki nacho. Unabaki na mazoea mazuri ya kisasa: majaribio ya msimbo, utunzaji wa matoleo kwa Git, kuandika programu inayovumilia mtandao unaokatika. Hatari yake ni kubaki na ujuzi wa fremuweki tu, ambao huisha haraka kuliko ujuzi wa lugha.

Inamfaa nani. Mwenye kompyuta nzuri au anayeweza kuitumia ya chuo, mwenye wazo la programu ya simu, au anayelenga ajira ya mbali na yuko tayari kushindana na watu wa dunia nzima.

Uchague ipi kwa hali yako

Ikiwa uko mwaka wa pili au wa tatu chuoni na hujapewa kazi yoyote, hakuna sababu ya kuanza na Visual Basic 6 wala FoxPro. Jifunze SQL vizuri, shika lugha moja iliyo hai ambayo kompyuta yako inaimudu, na kama unavutiwa na fedha, tenga muda wa likizo uifahamu COBOL kupitia GnuCOBOL, kwa kuwa haitakugharimu kitu zaidi ya muda.

Ikiwa umemaliza chuo, unahitaji kipato na umeamua kubaki Mbeya, Iringa au Songea, PHP pamoja na tovuti na mifumo midogo ndiyo hukaribia mapato mapema zaidi, na Flutter inaweza kufuata baada ya kununua mashine bora. Aliye karibu na miradi ya afya apime Java kwa uzito.

Ikiwa una ajira tayari na mwajiri anakutaka uhamie upande wa mifumo ya zamani, uliza kama kuna mpango wa kuihamisha. Kazi ya kuhamisha mfumo ina mwanzo na mwisho, na ukiikamilisha unakuwa na jambo la kuonyesha kwa mwajiri yeyote. Kazi ya kuuweka mfumo hai tu, bila mpango wowote, inaweza kukuchukulia miaka ambayo wenzako wanaitumia kujifunza, kwa hiyo omba ipewe ukomo, au omba sehemu ya wiki yako iende kwenye lugha nyingine.

Na ikiwa umeitwa na chama au duka kutunza mfumo wa Visual Basic au FoxPro kama mkandarasi, usikubali kazi kabla hujajua vitu vitatu: kama msimbo chanzo (maandishi ya asili ya programu) upo au imebaki programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine tu, kama kuna nakala rudufu ya data iliyojaribiwa kurejeshwa kwenye kompyuta nyingine, na ni nani, kati ya meneja, mhasibu na bodi, atakayekujibu kwa maandishi utakapouliza kwa nini riba au faini inakokotolewa hivyo. Msimbo chanzo ukikosekana, andika kwenye mkataba kwamba kazi yako ni kuhamisha data na kuandika sheria za mfumo upya pamoja nao, na bei yako ihesabiwe kwa kazi hiyo, si kwa matengenezo. SACCOS ikumbushwe pia kwamba leseni yake iko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kwamba taarifa zinazotakiwa na wasimamizi zinapaswa kutoka kwenye hesabu ambazo mtu anaweza kuzieleza mstari kwa mstari.